Kompyuta nyingi, ghala moja la picha: maswali tunayoulizwa kila msimu wa harusi Mombasa

Maswali haya ni ya wapiga picha wenzetu wa Mombasa na wasaidizi wao. Wengi hutupigia saa nne za usiku, muziki ukivuma nyuma, wakati kitu kimeshagoma. Tunazungumzia kazi ya aina moja: harusi, mahafali, kongamano la hoteli, mahali ambapo wawili watatu wanapiga picha na mwingine yuko meza ya pembeni akichambua au kuchapisha hafla ikiendelea. Maswali yana namba ili tusirudie jibu moja mara tatu.

## Mambo ya mwanzo

1. Kushiriki hifadhi ya picha ni kufanya nini hasa?

Ni kuweka picha zote za hafla mahali pamoja, kisha kila kompyuta iliyo kazini ione folda ileile kupitia mtandao wa ndani. Anayepakua kadi anaweka pale, anayechambua anafungua palepale, anayechapisha anachukua zilizochaguliwa, na hakuna anayezunguka na flashi mkononi. Intaneti haihitajiki hata kidogo. Swichi ndogo (kisanduku cha kuunganishia nyaya za mtandao), nyaya tatu na kompyuta moja iliyokubali kuwa mwenyeji zinatosha.

2. Tuko wawili tu. Kuna haja?

Ikiwa mmoja anapiga na mwingine atahariri kesho nyumbani, hakuna. Nunueni diski mbili za nje mlale usingizi. Haja inaanza pale watu wawili wanapotaka picha zilezile kwa wakati mmoja. Ukiona flashi imebadilisha mikono mara tatu kabla pilau haijapakuliwa, ni wakati wa kutandaza waya.

3. Si ningechomeka diski moja ya USB kwenye laptopu mbili?

Hapana. Diski ya USB hutarajia kompyuta moja tu iandike orodha ya faili zake. Zikiandika mbili, kila moja ikijiona iko peke yake, orodha huvurugika na faili hupotea. Kigawanyio cha USB nacho hakisaidii, kazi yake ni kuipa kompyuta moja vifaa vingi. Diski hiyohiyo itashirikiwa salama ikichomekwa kwenye kompyuta moja, na kompyuta hiyo ndiyo iwafungulie wengine mlango kwa mtandao.

4. Harusi moja inatoa picha za ukubwa gani?

Chukua wapiga picha watatu, kamera za megapikseli 24, faili za RAW (picha ghafi za kamera) za wastani wa MB 28. Kila mmoja akipiga 1,500 tangu bwana harusi anavishwa kanzu mpaka keki inakatwa, zitakuwa picha 4,500, yaani GB 126. Kwa nakala mbili ni GB 252. Kamera za megapikseli 45 zinaweza kukaribia mara mbili ya hapo. Diski ya TB 1 inatosha harusi nzima, ilimradi hukuja nayo ikiwa imebaki GB 80 kwa sababu ya harusi ya Jumamosi iliyopita.

## Vifaa

5. Tutumie waya au waifai?

Waya. Waya wa gigabiti moja hupitisha, kwa vitendo, kama MB 110 kwa sekunde, kwa hiyo zile GB 126 za swali la 4 zinapita kwa dakika 19 au 20. Waifai ya ruta nzuri sebuleni kwako inaweza kukupa nusu ya kasi hiyo ukaridhika nayo.

Ukumbini ni mambo mengine. Wageni mia nne, kila mmoja na simu mkobani inayotafuta mtandao. DJ ana ruta yake. Hoteli ina zake juu ya dari. Masafa ya GHz 2.4 yana chaneli tatu tu zisizogongana, 1, 6 na 11, na zote huwa zimejaa kabla bibi harusi hajafika. Tumewahi kupima MB 5 kwa sekunde mahali palepale ambapo mchana, ukumbi ukiwa mtupu, tulipata 40. Kwa MB 5, GB 126 ni saa saba. Watu watakuwa wameshaswali alfajiri.

Waifai tunaiachia kazi nyepesi: tableti ya kumwonyesha mwenye harusi picha chache, au kamera inayotuma JPEG ndogo (swali la 21). Hapo tumia GHz 5 na uiweke ruta juu ya vichwa vya watu, kwa maana mwili wa binadamu umejaa maji, na maji hula mawimbi.

6. Ninunue NAS, au laptopu moja iwe mwenyeji?

Kwa timu ya watatu wanne, laptopu moja yenye SSD ya nje (diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani) inatosha. Kasoro yake ni kwamba mwenye laptopu huwa na shughuli zake nyingine humohumo, na ikiganda, wote mmesimama.

NAS ni kisanduku cha diski chenye kompyuta yake ndogo ndani, kilichoundwa kwa kazi hii tu. Synology na QNAP ni majina mawili utakayoyasikia sana. Humpa kila mtu akaunti yake na haimilikiwi na mtu anayetaka kwenda nyumbani mapema. Lakini ni nzito, na diski zake za kuzunguka hazipendi kurushwarushwa ndani ya tuktuk kutoka Majengo mpaka Nyali. Maoni yetu: NAS ikae studio, ukumbini nenda na laptopu. Wenye kongamano la siku tatu kwenye hoteli moja, ambako meza haihami, hao wanaweza kuibeba.

7. Swichi na kebo za aina gani?

Swichi ya gigabiti yenye matundu matano au manane. Kwenye boksi pawe pameandikwa 10/100/1000. Iliyoandikwa 10/100 peke yake iache dukani hata muuzaji akuapie. Kebo ziwe Cat5e au Cat6, zote hubeba gigabiti hadi mita 100. Beba moja ya mita 20, fupi kadhaa, na moja ya akiba ambayo hutamwazima DJ. Laptopu nyembamba isiyo na tundu la mtandao inahitaji adapta ya USB. Nayo iwe ya gigabiti, ichomekwe kwenye USB 3.

Kebo ikivuka njia ya watu, ibandikwe sakafuni kwa utepe mpana wa kitambaa, urefu wake wote. Gauni lenye mkia wa mita mbili limeshatung'olea swichi mezani.

8. Kasi imekwama kwenye MB 11 kwa sekunde. Kwa nini?

Ukiiona namba hiyo, mwizi ameacha nyayo. MB 11 na ushei ndicho kikomo cha mtandao wa megabiti 100, kwa hiyo njiani mna kitu cha megabiti 100: swichi ya zamani, adapta, au kebo mbovu. Gigabiti inataka nyuzi zote nane za kebo. Megabiti 100 hutosheka na nne. Ndiyo maana kebo iliyokatika uzi mmoja mara nyingi haifi, hushuka tu na kukuacha ukiilaumu diski. Badilisha kebo kwanza.

9. Diski ya kuzunguka au SSD?

SSD kwa ukumbini. Diski ya kuzunguka ya kubebeka hutoa MB 100 na kitu kwa sekunde akisoma mtu mmoja. Wakija watatu kwa pamoja, kichwa chake cha kusomea kinahangaika huku na huku na kasi inaporomoka. SSD ya SATA hukaribia MB 500 na haina kichwa cha kuhangaika. Diski ya kuzunguka tunaiweka studio kwa nakala za akiba, kwa kuwa kila TB yake bado ni nafuu.

## Kuziunganisha kompyuta

10. Tumechomeka kila kitu kwenye swichi lakini kompyuta hazionani.

Swichi haigawi anwani. Bila ruta, kila Windows hujipa anwani inayoanza na 169.254, kisha huuhesabu mtandao huo kuwa wa hadharani na kuficha folda zake. Dawa rahisi ni kuchomeka ruta ndogo kwenye swichi, hata kama haina laini ya intaneti. Yenyewe itagawa anwani. Ya pili ni kuziandika kwa mkono: mwenyeji 192.168.50.10, wengine .11, .12 na kuendelea, na 255.255.255.0 kwenye mstari unaofuata kwa wote.

Kisha ingia kwenye mipangilio ya mtandao uutambulishe kuwa wa binafsi. Jina la mwenyeji lisipotokea kwenye orodha, usilisubiri. Orodha ile ina uvivu wake. Andika njia yenyewe juu ya dirisha la folda: `\\192.168.50.10\picha`.

11. Inaniomba nenosiri, na PIN yangu inakataliwa.

PIN hufungua mashine uliyoikalia tu. Kwa mtandao Windows hutaka jina la akaunti na nenosiri lake halisi, ambalo wengi walilisahau siku ileile waliyolitunga. Sisi hutengeneza kwenye kompyuta mwenyeji akaunti ya kawaida inayoitwa "timu", tukaipa nenosiri na ruhusa ya folda ya picha peke yake. Wote huingia kwa hiyo, isipokuwa anayechambua (swali la 15). Usiache folda wazi kwa sababu ya haraka: Windows za karibuni mara nyingi humkataa mgeni asiye na nenosiri, na swali la 24 linaeleza kwa nini hata sisi tunamkataa.

12. Mmoja wetu ana Mac. Tutaelewana?

Kwa mtandao, vizuri kabisa. Mac na Windows zote zinajua SMB, lugha ya kushiriki folda kwa mtandao, na Mac imeifanya kuwa njia yake ya kwanza tangu OS X 10.9 ya mwaka 2013. Kwenye Finder bonyeza Command na K, andika `smb://192.168.50.10`, basi.

Shida huja diski inapochomolewa huku na kuchomekwa kule. Diski iliyofomatiwa kwa NTFS, mpangilio wa Windows, Mac huisoma lakini haiiandiki bila programu ya ziada. Ya APFS, mpangilio wa Mac, Windows haiisomi. exFAT huelewana na zote mbili, ila haina daftari la ndani la kujiponya ikichomolewa ghafla, kwa hiyo iage kwa adabu kabla ya kuichomoa. FAT32 iachie flashi za muziki: haipokei faili ya kufika GB 4, na video ya nikahi hupita hapo mapema.

13. Folda ilikuwepo, ikatoweka katikati ya kazi.

Itazame laptopu mwenyeji: imelala. Ikilala, folda inatoweka kwa kila mtu. Kabla ya hafla zima kulala kabisa, na uiseti ili kufungwa kwa kifuniko kusiizime.

Hili tulijifunza kwenye ukumbi mmoja wa Bamburi. Meza yetu ilikuwa karibu na jikoni, likaletwa sinia la biriani, na kijana wa watu kwa heshima zake akafunga laptopu ili apate pa kuliweka. Mashine mbili zilikuwa zikinakili kuingia humo. Faili mbili zilifika nusu, moja ikiwa na uso wa shangazi wa bwana harusi juu na kijivu kitupu chini, na zaidi ya mia mbili hazikufika. Kadi zilikuwa hazijafutwa, tukanakili upya, na biriani tukala. Tangu usiku ule mwenyeji hakai mezani. Anakaa juu ya kreti ya kamera nyuma ya kiti, na kifuniko kimebandikwa karatasi: USIFUNGE.

## Kadi, folda na majina

14. Nani apakue kadi?

Mtu mmoja. Si lazima awe bingwa wa kompyuta, awe tu hapendi kusemeshwa akiwa na kazi. Wapiga picha wanamletea kadi, anapokea, anaandika, anapakua, anaiweka kando. Mpiga picha asijipakulie mwenyewe eti ana haraka ya kurudi jukwaani. Picha tulizowahi kuona zikipotea hazikupotea kwa diski mbovu. Zilipotea kwa sababu watu wawili, kila mmoja alidhani mwenziwe ameshapakua.

Kisoma kadi kiwe cha USB 3. Kadi ya GB 64 iliyojaa hutoka kwa dakika 12 hivi ikisomwa kwa MB 90 kwa sekunde. Kwa USB 2 ni nusu saa. Kadi ikifika, sukuma kile kitufe cha ubavuni cha kuzuia kuandika, uiweke kushoto mwa meza. Kulia ni zilizopakuliwa. Hatuna mfumo wa kitaalamu zaidi ya huo.

15. Folda na faili zipewe majina gani?

Tarehe itangulie, mwaka mwanzo, ili zijipange zenyewe: 20250816_harusi_tudor. Ndani, folda ya kila mpiga picha kwa herufi, A, B, C. Ndani yake kadi01, kadi02. Kando kuwe na folda ya zilizochaguliwa na nyingine ya kuchapisha. Anayechambua apewe akaunti yake yenye ruhusa ya kusoma folda za kadi bila kuziandika, ili hata akikosea asiweze kufuta.

Kamera mbili za aina moja zitakupa DSC_0412 mbili zisizojuana. Kamera nyingi huruhusu kubadili herufi za mwanzo wa jina la faili. Badilisheni humo kamerani. Saa za kamera nazo zilinganishwe mpaka sekunde kabla ya kutoka studio. Tofauti ya dakika nne tu, na kwenye mpangilio bibi harusi ataketi kabla hajaingia.

Na kwa kuwa tunataja saa: bahasha ya kadi iandikwe kwa saa 24, yaani 20:15. Msaidizi wetu mmoja aliandika "2.15" akimaanisha saa mbili na robo usiku, kama tunavyosema sote. Mhariri wa siku ya pili akasoma kwa saa za Kizungu, akazitafuta picha za keki kwenye folda za alasiri mpaka akachoka.

16. Nikate au ninakili?

Nakili, daima. Kukata hufuta kule ulikotoka kabla hujahakikisha kule ulikofika.

17. Kadi ifutwe lini?

Picha zikishakuwa na nakala mbili kwenye diski mbili tofauti, zote zimehakikiwa. Hata hapo sisi hatufuti usiku uleule. Kadi ya ziada ni rahisi ukiilinganisha na ile simu ya kumpigia mama wa bibi harusi. Siku ya kazi nyingine, ifomati ndani ya kamera itakayoitumia.

18. Nitajuaje nakala imekamilika?

Idadi ya faili na jumla ya baiti zilingane pande zote mbili. Hilo ni la sekunde kumi na halina udhuru. Zaidi ya hapo, tumia programu inayoisoma tena kila faili baada ya kuinakili na kulinganisha. TeraCopy hufanya hivyo kwenye Windows ukiiagiza. Robocopy, iliyomo ndani ya Windows tayari, huruka zilizokwishafika ukiirudia, jambo lenye faida stima ikikatika, ingawa yenyewe hailinganishi yaliyomo.

Mwisho fungua ya kwanza, ya mwisho na moja ya katikati, uzikuze mpaka asilimia 100. Kijipicha cha kwenye orodha kinaweza kuonekana kizima huku faili yenyewe imeharibika.

## Kuchambua na kuhariri

19. Lightroom Classic inakataa kufungua katalogi iliyo kwenye folda ya pamoja.

Ndivyo programu hii ya kuhariri picha ilivyotengenezwa. Katalogi ni hifadhidata ya mtu mmoja, na programu huikataa ikiwa kwenye mtandao. Picha zenyewe zinaweza kukaa huko bila neno. Kwa hiyo kila kompyuta iwe na katalogi yake kwenye diski ya ndani, na picha zibaki kwenye hifadhi ya pamoja.

Njia ya kuzifikia iwe ileile kwa wote. Kwenye Windows ipe folda ya pamoja herufi moja, tuseme P:, kwa kila mashine. Mwenye P: akimpa katalogi mwenye Z:, picha zote zitakuja na alama ya kuuliza.

20. Tukihariri wawili, kazi itaunganishwaje?

Gawaneni kwa folda: mmoja achukue kadi za A, mwingine za B. Mkimaliza, mmoja atoe sehemu yake kama katalogi ndogo, mwenziwe aiingize kwenye katalogi kuu. Njia nyingine ni kuagiza mabadiliko yaandikwe kwenye faili za XMP, vijifaili vya kumbukumbu za uhariri, kando ya RAW, kisha mwingine azisome. Lakini wawili wakigusa picha moja kwa njia hii, aliyehifadhi mwisho ndiye anayebaki, na programu haitamwambia wa kwanza kitu. Gawaneni kwa folda.

Kwa kuchambua tu, programu ya Photo Mechanic ina kasi zaidi kwa sababu husoma ile JPEG iliyokwisha kuwemo ndani ya RAW badala ya kuipika upya.

21. Kamera inaweza kutuma picha yenyewe moja kwa moja?

Kamera nyingi za daraja la juu za Canon, Nikon na Sony zina FTP, njia ya kutuma faili kwa mtandao, ndani yake, na baadhi zina hata tundu la waya wa mtandao. NAS nyingi hupokea FTP. Kwenye laptopu utahitaji programu ya seva. Tuma JPEG ndogo peke yake, RAW zibaki kadini. Inafaa sana kwenye kongamano ambako afisa wa mawasiliano anataka picha ya mgeni rasmi kabla hajashuka jukwaani. Kwenye harusi sisi hatujisumbui.

## Stima, joto na chumvi

22. Stima ikipotea katikati ya kunakili?

Laptopu itaendelea kwa betri. Swichi na ruta hazina betri, nazo ndizo njia. Vifaa hivi hula umeme kidogo mno, na kijiUPS (betri ya akiba) cha volti 12 kama kile watu wanachowekea ruta ya nyumbani kitavibeba kwa muda mrefu, mradi volti na plagi yake vilingane na vya swichi yako. NAS inataka UPS kamili, iliyounganishwa kwa USB ili iiambie ijizime kwa utaratibu betri ikikaribia kwisha.

Jenereta la ukumbi huchukua sekunde kadhaa kushika, na likishika huja na mshtuko wake. Usichomeke kwenye ekstensheni ya mafundi wa sauti wala ile ya mtungi wa kahawa. Tafuta soketi ya ukutani mapema, kabla wapambaji hawajaifunika kwa kitambaa.

23. Hali ya hewa yetu inadhuru vifaa?

Inadhuru taratibu, bila kelele. Miezi ya kaskazi, SSD ndogo iliyofunikwa na kitambaa cha meza hupata moto na kujipunguzia kasi yenyewe, iweke wazi. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi baridi kwenda hema la ufukweni, mvuke hugandama kwenye chuma. Acha vifaa ndani ya mkoba uliofungwa nusu saa vizoee. Chumvi ya bahari hula midomo ya kebo ikawa na kutu ya kijani. Zifute, zihifadhi kwenye boksi lenye vijifuko vya kunyonya unyevu.

Diski ya kuzunguka isikae karibu na spika kubwa. Mtikisiko wa besi hupunguza kasi ya kusoma, na taarabu ikikolea hakuna atakayekupunguzia sauti.

## Faragha

24. Picha za kupamba nazo ziingie kwenye folda ya pamoja?

La. Usiku wa kupamba ni wa wanawake: mabuibui yamevuliwa, simu mara nyingi zimezuiwa mlangoni, na anayepiga ni mwanamke. Picha zile hazipiti kwenye akaunti ya "timu" hata kwa dakika tano. Timu ya kike inakuja na laptopu yake, diski iliyofungwa kwa BitLocker ya Windows au FileVault ya Mac, na swichi yake wakiwa zaidi ya mmoja. Haziunganishwi na mtandao wa nje ya ukumbi, wala na mashine inayoonyesha picha kwenye skrini.

Mhariri naye ni mwanamke, na tunaliandika kwenye mkataba kabla mama wa bibi harusi hajauliza. Maana atauliza: "Mwanangu, hizo picha atazishika nani?" Hilo ndilo swali la ruhusa za folda, mwenyewe kaliuliza bila kugusa kompyuta.

25. Sheria inasemaje?

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahusu kila taarifa ya mtu anayetambulika, na picha ya uso ni mojawapo. Data ya mtoto huhitaji idhini ya mzazi au mlezi, jambo la kukumbuka kwenye mahafali ya shule. Diski ikiibwa na kuna hatari ya kweli kwa waliomo, Kamishna wa Data anatakiwa aarifiwe ndani ya saa 72 tangu ulipojua. Diski iliyofungwa kwa nenosiri hukuondolea sehemu kubwa ya usiku huo mbaya.

## Visa vya pembeni

26. Kwa nini tusipandishe kila kitu kwenye wingu?

Kebo za SEACOM na TEAMS zilitua pwani hii hii mwaka 2009, na EASSy ikafuata, lakini kasi ya kupandisha ukumbini ni habari nyingine. Kwa megabiti 10 kwa sekunde, GB 126 ni saa 28. Picha 200 zilizochaguliwa, JPEG za MB 2, ni kama dakika tano na nusu. Pandisha hizo. Zilizobaki zipande kutoka studio, usiku kwa usiku.

27. NAS yangu ina diski mbili za RAID 1. Nina nakala mbili?

RAID 1 huandika kitu kilekile kwenye diski zote mbili, kwa hiyo una moja inayovumilia kufa kwa diski. Ukifuta folda kwa makosa, imefutika kwenye zote mbili papo hapo. Mwizi naye hubeba kisanduku kizima.

28. Nikahi iko msikitini, ukumbi uko ng'ambo ya barabara.

Usihangaike kuunganisha sehemu mbili. Kadi za nikahi zivuke mfukoni mwa mtu anayejulikana kwa jina, zikabidhiwe kwa mpakuaji wa swali la 14. Kwa mita mia mbili, mguu hupeleka GB 64 haraka kuliko mtandao wowote utakaouseti jioni hiyo.

29. Mwenye harusi anataka picha zote kwenye flashi usiku huohuo.

Mpe zilizochaguliwa, JPEG, kutoka folda ya kuchapisha. Asichomeke flashi yake kwenye kompyuta mwenyeji. Ichomeke kwenye ile ya kuchapisha, kwa kuwa flashi za watu zina virusi vyao vya tangu zamani.

30. Diski ya mwenyeji imekufa hafla ikiendelea.

Usiizimezime na kuiwasha kujaribu bahati. Ichomoe, iweke kando, iandike. Chomeka diski ya pili, ifungue kwa jina lilelile la folda ili njia za wengine zisibadilike (swali la 19), kisha uanze kupakua tena kadi zote za upande wa kulia wa meza. Hapa ndipo utafurahi kwamba hazikufutwa.

31. Tumemaliza, tunavuka Likoni usiku. Diski zisafiri vipi?

Nakala mbili zisipande gari moja. Mmoja ashike diski A ndani ya gari la vifaa, mwingine diski B mkobani, avuke na feri nyingine au alale upande wa kisiwani. Kadi ziwe na mtu wa tatu, mfuko wa mbele. Na mkifika, kabla ya viatu kuvuliwa, atumiane kila mtu ujumbe mfupi: A iko, B iko, kadi ziko, ngapi.